Nilivyorudi kwenye michungwa baada ya msiba wa Mzee

Mzee alifariki machungwa ya aina ya Msasa yakiwa yameanza kubadilika rangi, na hapa Muheza yakishafika hapo hayana subira. Kilichonishinda si jembe. Ni kupita chini ya miti aliyoibebesha, yaani kuiunganisha, kwa mkono wake mwenyewe.

Kufyeka nikampa kibarua, kwa ngwe. Mimi nikachagua kazi ya kuondoa machipukizi. Mchungwa wa huku hubebeshwa juu ya mlimao, na chini ya kiungo shina halichoki kutoa matawi ya mlimao yenye miba. Ukiyaachia, mlimao unaumeza mchungwa. Kuyatambua ni rahisi: fikicha jani, linanuka limau. Machanga nayang'oa kwa mkono, yaliyokomaa nayakata kwa msumeno yabaki sawasawa na shina. Unainama, unakata, unahamia mti wa pili. Kazi hiyo haikupi nafasi ya kuwaza sana, na ukilia hakuna anayekuona.

Baba mdogo, ambaye shamba lake limepakana na letu, alikuwa akipita asubuhi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Leo unaanzia mstari upi?"

Basi. Hakuniongezea pole nyingine, na hilo ndilo lililonisaidia. Pole zilishanichosha, Mungu anisamehe.

Mama alikuwa ndani, eda, miezi minne na siku kumi, lakini shamba alikuwa nalo kichwani. Kila jioni: "Yaliyoanguka umeyafukia?" Funza wa nzi wa matunda hutoka kwenye chungwa bovu, huingia udongoni na kuibuka nzi wapya, kwa hiyo shimo lazima liwe refu. Nilichimba.

Dalali naye, matanga hayajaanuliwa, kaja na noti mkononi anataka shamba zima kwa kukadiria kwa macho. Nikamwambia mwenye neno yuko eda. (Eda haimkatazi mtu kupanga bei, ila alinywea.) Tulipovuna tukauza kwa kuhesabu tenga kwa tenga.

Pesa ilianza kwenye madeni ya Mzee, pamoja na ya duka la dawa za kilimo. Iliyobaki ikagawiwa kimirathi, Mama akapata thumuni yake, moja ya nane. Kaka alitaka na miti tuigawane, tumekubaliana isubiri. Valencia, aina nyingine ya machungwa, zinaiva kuelekea mwisho wa mwaka, Mama atakuwa ameshatoka eda, na ameshasema bei ya hizo ataipanga yeye.