Paipu ya projekta sebuleni, Mwanga: kutindua upya na kuvuta waya

Jumamosi

Paipu yote imeshaingia ukutani, kutoka kwenye kabati la chini hadi juu ya dari. Imenichukua wiki tatu badala ya moja.

Kwa anayeanza kusoma leo: nyumba iko Mwanga, hapa Kigoma mjini, kuta za tofali za kuchoma, dari ya jipsamu. Nataka picha ya inchi 100, yaani upana wa mita 2.21 na kimo cha mita 1.25. Projekta yangu inataka umbali wa mara moja na nusu ya upana huo, kwa hiyo itaning'inia mita 3.3 kutoka ukutani. Waya wa HDMI, ule unaopeleka picha na sauti kwenye projekta, ukipanda ukuta, ukakatiza juu ya kenchi, ukashuka hadi kwenye projekta, unakula kama mita 11 pamoja na akiba.

Fundi wa kwanza alilaza paipu ya milimita 20, hiyohiyo ya nyaya za taa, na kona mbili za dukani zenye shingo fupi. Kichwa cha HDMI, ukihesabu na plastiki yake, kina upana wa kama milimita 20. Nilikiweka mdomoni mwa paipu nikaona kwa macho yangu: chuma kinaingia, plastiki inagoma. Iliniuma sana, kwa sababu lipu ilikuwa imeshapigwa na kukauka. Nikatindua upya mwenyewe siku mbili, grinda kwanza, kisha tindo na nyundo, vumbi jekundu likafika mpaka kwenye masufuria ya mama watoto.

Safari hii nimeweka milimita 32, na kona nimezikunja mwenyewe. Nilichukua mchanga wa ziwani, nikauchekecha, nikauanika siku nzima mpaka ukakauka kabisa. Unaziba upande mmoja wa paipu kwa tambara, unajaza mchanga huku unagongagonga ushuke, unaziba na upande wa pili. Bila mchanga, paipu ikikunjwa inabonyea na tundu linajifunga. Kisha unaipitisha juu ya jiko la mkaa, mbali kidogo na makaa, ukiizungusha bila kusimama. Mwanzoni haionyeshi dalili yoyote, halafu ghafla inalegea mikononi kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Hapo hapo nikailaza kwenye ringi kuukuu ya baiskeli ifuate mviringo wake, nikaishikilia huku nikiipoza kwa kitambaa chenye maji. Ya kwanza niliikaribisha mno, ikawa kahawia na kutoa moshi mkali, nikaitupa. Moshi wa plastiki hii ni sumu, kazi hii ifanyie nje.

Mviringo mpana ni lazima kwangu, maana waya nilionunua ni wa faiba, yaani unapitisha picha kwa mwanga ndani ya nyuzi nyembamba. Wa shaba kwa mita 11 unaweza kupitisha picha ya kawaida vizuri tu, lakini 4K, yaani picha kali zaidi, ya fremu 60 kwa sekunde inahitaji gigabiti 18 kwa sekunde, na kwa urefu huo picha huanza kutoa vinukta vyeupe au kuzimika na kurudi. Faiba haina tatizo hilo, ila haipendi kupindwa kwa ghafla. Nimechukua wa mita 15. Ziada italala darini kwa mzunguko mpana.

Jumapili

Waya wa faiba una upande wa kutoka na upande wa kufikia, umeandikwa kwenye vichwa vyake. Ukiugeuza hupati picha. Kwa hiyo kabla ya yote niliunganisha kila kitu mezani, nikaangalia nusu saa, ndipo nikaupeleka ukutani.

Mjomba wangu anayevua dagaa Kibirizi alikuja na uzi wa nyavu. Nikafunga kipande cha sponji ya godoro kwenye ncha, nikakitia paipuni, na kwa blowa niliyoazima kwa fundi kompyuta nikapuliza. Mara ya kwanza sponji ilikwama. Mara ya pili binti yangu, aliyekuwa juu darini na tochi, akapiga kelele: "Baba, limetoka!"

"Paka mawese, mjomba, itateleza yenyewe," mjomba akaniambia.

"Yatatuletea panya na sisimizi, mjomba, na plastiki ya waya na mafuta havipatani."

Tukatumia sabuni ya maji. Kichwa nikakivika kidole cha glavu ya mpira kisiingie sabuni. Fundo alifunga mjomba, kwenye mwili wa waya, nyuma kabisa ya kichwa, ili mvuto usiangukie maungio. Kwenye kona ya pili ukagoma. Nilikuwa nimeshakaza mikono, mjomba akanizuia: "Legeza. Wewe sukuma huko chini, mtoto avute taratibu." Ukapita.

Umeme wa volti 230 wa projekta una paipu yake, sentimita 30 pembeni. Hii ya 32 bado ina nafasi ya waya wa intaneti baadaye; pamoja na faiba tulivuta uzi wa pili, umebaki ndani, ncha zote mbili zimefungwa kwenye misumari.

Kilichobaki ni bano la kuning'inizia projekta. Jipsamu haiwezi kubeba projekta, na kenchi ya karibu iko sentimita 14 pembeni ya alama yangu. Kesho natafuta ubao wa mninga wa kuunganisha kenchi mbili.