Jiwe la Sericho Nililoliona Mwanza

Kutoka Mbeya hadi Mwanza kwa basi ni safari ya kuvunja kiuno, na sina haja ya kuisimulia. Chumba nilichopata Kirumba walinitoza elfu arobaini. Ziwa lote hilo liko mbele ya dirisha, bombani hamna hata tone! Maji ya kuoga yaliletwa kwa ndoo, na ndoo ikalipiwa.

Lililonifanya niandike ni jiwe. Nilimsindikiza shemeji kwa mnunuzi wa dhahabu. Tukiwa tunasubiri zamu ya mizani, kijana mmoja dalali akaniamkia, akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na kibamba chembamba, upana wa kiganja.

"Mzee, umewahi kushika kitu kilichoanguka kutoka juu?"

Nikamwambia mimi ni mtu wa Mbozi, nimekua nikikiparamia kimondo chetu: tani 16 hivi, urefu mita 3, karibu chote chuma.

"Hiki si kama chenu," akasema, akakiinua kuelekea dirishani.

Mwanga ukapenya. Chuma cheupe kilisukwa kama wavu wa dagaa, na kila tundu limejaa fuwele, nyingine rangi ya asali, nyingine kijani. Nilikigeuza weee, mpaka shemeji akanivuta shati. Vimondo hivi, nusu jiwe nusu chuma, huitwa palasiti, kwa jina la Peter Simon Pallas aliyeliona la Siberia mwaka 1772. Fuwele ni olivini, madini ya tabaka la mawe linalozunguka kiini cha sayari. Chuma na nikeli ni vya kiini. Vilichanganyikana ndani ya sayari ndogo iliyokuja kuvunjika, vikapoa taratibu mno, nyuzi chache tu kwa miaka milioni.

Hiki kilitoka Sericho, kaunti ya Isiolo, Kenya. Mwaka 2016 ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia walikuta mawe mazito mahali pasipo na miamba. Kumbe wazee wa huko waliyafahamu tangu utoto, walikuwa wakiyachezea. Yaliyokusanywa yalifika kilo 2,800 hivi, na mengi yamepigwa msumeno na kuuzwa ng'ambo.

Hapo roho iliniuma. Kimondo cha Mbozi nacho kimemegwa pembe, lakini hakikuhamishwa. Walichimba udongo kukizunguka, kikabaki palepale, na watoto wa shule wanafika kukigusa. Hata Mwanza wenyewe, jiwe lao la Bismarck, ingawa ni mwamba wa kawaida tu, limesimama majini na hakuna anayewaza kulikata. Sericho nao wangeachiwa angalau moja, lile kubwa, lijengewe paa, na mtoto wa mfugaji aingie bure.

Dalali alitaja bei ambayo kwetu inanunua ng'ombe wawili. Nikamuuliza wale wenye ngamia walipewa ngapi. Akakifunga kitambaa chake, akasema yeye alikinunua Nairobi.