Kiganja Juu ya Jiwe

Mwaka wangu wa pili Paris nilijiandikisha darasa la jioni la litografia, uchapaji wa picha kwa jiwe. Siku ya kwanza ya kuchora nilifika nimechelewa. Chipsi nilizila njiani, nikafuta mikono kwenye suruali, nikaona yamekwisha.

Jiwe lilikuwa la chokaa, kutoka Bavaria, zito mpaka tulilibeba wawili. Mwalimu, mama mmoja wa maneno machache, alitutaka tuchore kitu chochote tulichokiona mjini siku ile. Nikachukua kalamu ya mafuta, nikachora abiria ndani ya basi.

Alipofika kwangu alitazama, akaenda kabatini, akarudi na ukurasa wa gazeti la Le Charivari wa mwaka 1839. Karatasi nyembamba, maandishi ya nyuma yakijitokeza chini ya picha. Mchoraji ni Honoré Daumier. Ndani ya omnibasi, gari la abiria la kukokotwa na farasi, mama wa watu kabanwa katikati ya mlevi anayemwegemea na mwenye bucha la nguruwe. Nilicheka peke yangu. Uso ule nimeuona mara ngapi kwenye daladala za Mbagala!

“Huyu alifungwa,” mwalimu akasema. Kosa lake lilikuwa kumchora Mfalme Louis-Philippe kama pandikizi la mtu linalomeza fedha za wananchi. Mwaka 1832 akaingia jela. Mwaka 1835 serikali ikarudisha udhibiti wa picha, na vikaragosi vya siasa vikawa havichapiki. Ndipo Daumier akawageukia wenye nyumba, mawakili, na watu wa kwenye omnibasi. Kumbe kichekesho kile kilikuwa na jela nyuma yake. Nilikitazama tena, safari hii bila kucheka.

Tukarudi kazini. Jiwe likapakwa gundi yenye asidi kidogo, likaloweshwa maji, kisha rola ya wino ikapita. Kazi yote iko hapo: penye mafuta pananasa wino, penye maji panaukataa. Nami saa nzima nilikuwa nimeegemeza mkono palepale.

Mwalimu aliinua karatasi taratibu kwa pembe zake mbili. Hakusema neno, ila mabega yalikuwa yanamtikisika.

Nakala hiyo ninayo bado. Namba ya basi imetoka kinyumenyume, abiria wamepauka, na kiganja cheusi, vidole vyote vitano, kimemfunika dereva.