Asubuhi Mizani Ilipopanda

Jumamosi ile nilitoa gauni lililokuwa limekaa kabatini miaka mitatu. Zipu ilipanda yenyewe, bila kubana pumzi, bila kumwita mtu. Nikakaa kitandani kidogo, moyo umejaa. Leo wataona, nikasema.

Tulikuwa watano, marafiki tangu shule, na usiku huo mmoja wetu alikuwa anatimiza miaka 40. Mimi kwa miezi minne nilikuwa nimetoka kilo 96 hadi 89.6. Kilichonianzisha ni presha: 152 juu, 96 chini. Muuguzi aliyenipima aliniambia kwa upole kwamba hata asilimia 5 ya uzito ikipungua, presha inaweza kushuka. Kwangu hiyo ilikuwa kama kilo 5. Nikaona hilo naliweza.

Nikaanza kutembea alfajiri, mwendo wa haraka, dakika 40, siku tano kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, kwa hiyo 200 zangu zilinipa imani. Marafiki zangu niliwaalika wote. Wiki ya kwanza walikuja wawili. Ya pili akaja mmoja, simu sikioni njia nzima. Ya tatu nikasimama getini nikingoja mpaka jua likachomoza, nikarudi ndani bila kutembea. Hata baada ya hapo, kila nikitoka nilikuwa nasimama kwanza pale getini, naangalia barabara kushoto na kulia.

Basi nikaingia kwenye sherehe. Wa kwanza kuniona alinishika mkono, akanong'ona, "Shoga, unaumwa?" Wa pili hakupunguza sauti. "Jamani umeisha! Una nini?" Nikamjibu nafanya mazoezi. "Mazoezi ya nini, na ulivyokuwa umependeza?" Wakacheka wote. Siamini walikuwa na nia mbaya. Hofu ya yule wa kwanza niliiona machoni. Mwenye sherehe akachukua sahani yangu, niliyokuwa nimejipakulia kwa kipimo, akaongeza kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, huku ananitazama. "Leo siku yangu. Ukibakiza, umeninyima."

Nikala. Keki nikala, soda nikanywa mbili. Kila kijiko nilikimeza kama mtu anayeomba radhi kwa kosa asilolijua.

Jumapili alfajiri nilipanda mizani kama kawaida, baada ya kutoka chooni na kabla ya kunywa maji. 91.4. Nikashuka, nikapanda tena. 91.4. Kilo 1.8 juu ya ile niliyoiandika Ijumaa. Nikakaa kwenye sakafu ya bafu. Miezi minne ya kuamka gizani, halafu watu wanaonijua kuliko wote wanadhani naumwa, na mizani nayo imenigeuka. Namfanyia nani haya?

Nilichukua daftari langu nikitaka kuandika kwamba nimeacha. Hilo ndilo nililokusudia, na kalamu nilikuwa nimeshaishika. Lakini ukurasa uliofunguka ulikuwa na maelezo niliyoyanakili siku nilipomuuliza yule muuguzi kwa nini uzito hupanda na kushuka: kilo 1 ya mafuta ya mwili ni kalori 7,700 hivi. Nikapiga hesabu pembeni. 1.8 mara 7,700, karibu 14,000, tena za ziada, juu ya zile mwili unazotumia kwa siku. Hata ningezila sahani zote tano za mezani kwetu nisingezifikia. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine: chumvi hushika maji, na wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa na maji yapata mara tatu ya uzito wake. Kumbe kilichonipandisha ni maji, si mafuta, na mimi nilikuwa nimekaa nalia.

Nikainama kufunga kamba za viatu. Miezi minne nyuma kazi hii ilikuwa inataka kiti: mguu juu ya kiti, pumzi nimeizuia, fundo limekaa ubavuni kwa sababu katikati mikono haifiki. Nikimaliza, uso unawaka. Asubuhi ile niliinama nikafunga kiatu cha kushoto, nikafunga cha kulia, na katikati nilivuta pumzi mara tatu au nne kama mtu anayeongea. Fundo lilikaa katikati. Nililitazama muda mrefu. Niliwahi kusoma kwamba watu wazito wenye magoti yaliyosagika walipopimwa wakitembea, kila kilo iliyopungua ililiondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Kilo zangu 6.4 ni zaidi ya 25. Goti langu la kulia, lililokuwa likigoma kwenye ngazi, lilikuwa limeshanieleza hilo.

Nikatoka. Getini sikusimama.

Mchana yule wa kuninong'oneza akanipigia kujua kama nilifika salama. Nikamwambia nimefika, na asubuhi nimeshatembea.

"Jumapili hii?"

"Jumapili hii."

Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunisimulia yaliyotokea sherehe ilipokuwa inaisha, na tulicheka pamoja mpaka salio lake likakata. Daftari lilikuwa mapajani kwangu. Nikaandika: Jumapili, 91.4, dakika 40. Alhamisi nikaandika 89.7.