Sentensi ya Karen mbele ya kioo

Jana usiku nimeitazama tena Michael Clayton, filamu ya wanasheria. Mara ya kwanza, miaka mingi imepita, niliizima katikati. Nilikuwa nasubiri hakimu, kiapo, wakili akimbana shahidi mpaka ajikanyage. Havikuja. Safari hii nilikaa nayo hadi mwisho, na tangu niamke haijanitoka. (Nitataja mambo ya ndani kabisa, kama hujaiona, anza nayo.)

Kesi ipo. Familia za wakulima zinaidai kampuni ya kemikali dola bilioni 3, kwa dawa ya magugu iliyowaletea saratani, na wakili wake Arthur ameitetea kampuni hiyo miaka 6 hadi nafsi ikamkataa. Lakini Tony Gilroy, aliyeiandika na kuiongoza mwaka 2007, anatuonyesha sheria inavyofanya kazi mbali na mahakama: kwenye korido, ndani ya magari, chooni.

Chooni ndiko nilikomwona Karen Crowder, mwanasheria mkuu wa kampuni hiyo, kwapa zimelowa jasho. Tilda Swinton alipata Oscar kwa nafasi hii, na kwangu ni haki yake. Kuna mahali anajiandaa kwa mahojiano. Anapanga nguo, anajitazama kwenye kioo, anasema sentensi, anaikata, anaanza upya kwa neno jingine. Katikati ya mazoezi hayo tunamwona tayari yuko mbele ya kamera, akiitamka sentensi ileile kana kwamba imemjia papo hapo.

Nilisimamisha filamu. Nami nimewahi kusimama hivyo, nikipanga maneno ya kumwambia mtu niliyempenda jambo nililojua si kweli. Nakumbuka nilivyochagua hata pa kuvuta pumzi. Ukweli sikuwahi kuufanyia mazoezi kiasi kile.

Baadaye Karen huyohuyo anaagiza Arthur auawe, na neno lenyewe halitamkwi. Anazungukazunguka, anasema sawa, hadi anayeagizwa analazimika kumuuliza: sawa ya kwamba umeelewa, au sawa ya kwamba tuendelee? Mauaji yanafanywa kwa utulivu wa mafundi walio kazini. Yalinitisha kuliko risasi zote nilizowahi kuziona kwenye filamu, maana kila mmoja anatimiza tu kipande chake.

Halafu farasi. Alfajiri Michael, wakili mwenzake Arthur, anasimamisha gari, anapanda kilima, anakaa akiwatazama farasi watatu. Nyuma yake gari linalipuka. Tukio hili tunaliona mwanzoni bila kulielewa, kisha hadithi inarudi nyuma siku 4 na kutufikisha palepale. Safari ya pili tumeshakiona kitabu cha mwanawe, na picha ya farasi iliyomo, kwa hiyo tunajua kwa nini miguu ilimpeleka kule. Ndiyo maana mwendo wa polepole haukunichosha jana: kila kitu kilikuwa kimewekwa mapema, kikisubiri nikitambue.

Mwishoni Michael anaingia kwenye teksi, anampa dereva dola 50 na kumwambia aendeshe tu. Majina ya waigizaji yanapita, kamera haimwachi. Uso wa George Clooney unakaza, unalegea, kuna kitu kama tabasamu kinakuja na kutoweka. Niliyasoma majina machache tu. Muda wote nilikuwa namtazama yeye, nikisubiri apumue.