Mazuku ya Wajerumani

Mapovu madogo madogo yanapanda kutoka chini ya maji ya ziwa, kama sufuria ya chai inayokaribia kuchemka. Maji yenyewe ni baridi. Kando yangu familia moja ya Kijerumani inapiga picha, mtoto wao anayapasua kwa kijiti. Mimi nimeshamkamata mwanangu kwenye kola. Aliyekulia Goma, mashariki mwa Kongo, hamwachi mtoto ainame penye mazuku, hewa ya kuua inayotoka ardhini.

Hewa ni ileile, kaboni dayoksaidi. Kwetu inajikusanya bondeni usiku, na asubuhi unamkuta mbuzi amelala, haamki. Hapa Laacher See upepo wa wazi unaichukua, watu wanatembea na aiskrimu zao. Kola sikuiachia, lakini.

Hii ni Eifel, magharibi mwa Ujerumani, si mbali na Koblenz ninakoishi. Miaka sita nilikuwa naona vilima vya kijani na ng'ombe, basi. Kwangu volkano ni Nyiragongo: moshi mchana, mwanga mwekundu usiku. Kumbe ziwa hili ni shimo la mlipuko wa miaka kama 13,000 iliyopita, uliotema majivu mengi hata mto Rhine ukazibika kwa muda. Na ukingoni wamejenga abasia, yaani monasteri, Maria Laach, iliyoanzishwa 1093. Mama alicheka kwenye simu: "Kanisa kwenye mdomo wa volkano?" Nikamwambia, mama, na sisi je, tumejenga wapi?

Kilichonishika zaidi ni Mendig. Unashuka ngazi kama mita 30 chini ya mji, unatokea kwenye mapango marefu yenye nguzo za basalti. Wachimbaji walitoa humo mawe ya kusagia nafaka. Kisha karne ya 19 wenye viwanda vya bia wakagundua kwamba kule chini kuna baridi mwaka mzima, wakahamishia mapipa yao humo. Nilitoka natetemeka, jaketi nililiacha garini.

Mayen tulipita haraka, mvua ilianza. Kuna ngome, na mnara wa kanisa la Mtakatifu Clemens uliopinda kama nguo iliyokamuliwa. Vita vya Pili viliuangusha, nao wakaujenga tena, umepinda vilevile! Wenyeji wanamsingizia shetani.

Lakini ni kuta zilizonisimamisha mvuani. Mawe meusi yenye vitundu. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipokata mji wetu katikati, tulikimbilia Gisenyi, Rwanda. Tuliporudi, kokoto za kuvuka barabara zilikuwa bado na joto chini ya sapatu. Baadaye watu walilipasua jiwe lilelile kwa nyundo, likapakiwa kwenye chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, likawa ua na msingi wa nyumba. Wetu pia.

Nilimtumia mama picha ya ukuta mmoja wa Mayen, bila maneno. Akajibu kwa sauti: "Hapo ni mtaa wa Birere upande gani? Na nani amefagia?"