Kidole cha sita

Jumanne usiku, saa tano kasorobo. Stima ndo imerudi, ilipotea tangu magharibi, feni imeanza tena mlio wake ule wa kuku mgonjwa na mimi niko na laptopu mapajani nahesabu vidole vya mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa. Mkono wa kulia vitano. Wa kushoto nimehesabu mara tatu, ni sita.

Ni kazi ya dada mmoja wa Kisauni anayeandika hadithi WhatsApp. Usimcheke. Anatoa sehemu kumi za bure, akifika pale mume amesukuma mlango na kumkuta aliyemkuta, anakata hapo hapo, anayetaka kujua yaliyofuata atume mia kwa M-Pesa. Na watu wanatuma! Mamangu mwenyewe katuma, tena mara mbili, manake ile ya kwanza iliingia kwa fundi wake wa cherehani. Sasa huyu dada anataka zikusanywe ziwe kitabu cha kushikika, na jalada keshalitengeneza mwenyewe kwa simu, na AI, akanitumia pamoja na voisi noti: “Kakangu, hii tayari, nisaidie vidole tu, na huko juu niwekee jina kwa dhahabu. Hata dakika tano haimalizi.”

Dakika tano. Nikifa hayo ndo waniandikie kaburini.

Picha kwa simu inang'aa kama sinia ya harusi, ukiifungua kwa kompyuta ndo maneno yanapoanza. Ni pikseli 1024 kwa 1024. Chapa inayoeleweka inataka nukta 300 kwa kila inchi, hebu gawanya, unabaki na inchi tatu na kitu, ukubwa wa pakiti ya sigara, na kitabu cha A5 kinataka 1748 kwa 2480. Nikamweleza, akaniuliza kwani siwezi kuivuta. Nikamwambia naweza, ni kama kutia maji kwenye mchuzi wageni wakizidi, sahani zote zitajaa. Akasema basi tia maji.

Sikwambii zambarau ile inayowaka kwenye skrini, ambayo hakuna wino wa kuitoa kwenye karatasi, itatoka rangi ya biringani lililolala sokoni. Hilo nimelinyamazia, atalijua siku ya kuchukua mzigo.

Lakini vidole na rangi ni mambo madogo. Nyuma ya mwanamke kuna Ngomeni, ile Fort Jesus yetu ya Mombasa, na jahazi linapita. Nikamwonyesha ami, ambaye alifanya kazi bandarini miaka na miaka na kabla ya hapo alipanda vyombo vya Lamu akiwa kijana, hivo macho yake hayakwenda kwa mwanamke (au yalikwenda, mwenyewe hakusema), yalikwenda moja kwa moja kwa jahazi. Akavaa miwani. Akavua, akaifuta kwa kikoi, akavaa tena.

“Foromali iko wapi?”

Kweli, tanga limening'inia hewani, halikufungwa kwa mti wowote, kamba mbili zinashuka zinapotelea katikati ya mawingu.

“Na upepo unatoka wapi, mbona bendera inaenda huku na tanga linaenda kule? Nahodha wa chombo hiki keshazama, we hujapata habari tu.”

Ngomeni nayo imepewa minara mirefu iliyochongoka, kama ya katuni za watoto, wakati Ngomeni ya kweli haina mnara kama huo hata mmoja, ni kuta nene zilizokaa chini kwa uzito wake. Wareno waliijenga 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Mwitaliano mmoja, Cairati, na ukiiona kwa juu imekaa kama mtu aliyelala chali akatanua mikono na miguu. Huwa nikipita pale jioni namfikiria huyo Cairati. Zile pembe zimetokeza vile ili walio kwenye pembe hii wawapige wanaojaribu kupanda ukuta wa upande ule, kila pembe inamchungia mwenzake, yaani umbo lote lile ni mtu alikaa na karatasi akajiuliza adui atasimama wapi. Sipendi ilichokuja kufanya, ngome ni ngome, lakini kila mstari pale una sababu. Minara ya AI haina sababu, imewekwa kwa vile ngome nyingi za kwenye picha zina minara.

Ami akaingia ndani, akatoka na boksi la biskuti limefungwa kwa kamba ya nailoni. Vitabu vyake vya ujana! Nilijua viko, sikuwahi kuruhusiwa kuvigusa. Mle kuna ile hadithi ya picha ya mpelelezi Spear, watu halisi wamepigwa picha wakipigana ngumi, ami anasema walikuwa wakiisoma zamu zamu mpaka gamu inaachia. Kuna Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mpelelezi wa Unguja na kiko chake mdomoni. Kuna Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba, Kufa na Kupona ya 1974, hiyo ami alinunua akasoma usiku mmoja akachelewa zamu ya asubuhi, na analisema hilo mpaka leo kwa fahari kama mtu aliyehiji.

Karatasi zimegeuka rangi ya chai ya maziwa na ukikunja pembe inakatika kama bajia. Hii ndo karatasi ya rojo la mbao, ya bei rahisi, lignini, ile gundi ya mti, haikutolewa kwa hiyo inajichoma yenyewe polepole kwa mwanga na hewa, na hewa yetu ya chumvi haisaidii kitu. Wamarekani walianza kuchapia magazeti ya hadithi kwa karatasi hiyo 1896, jarida la Argosy, na jina la hadithi za aina hii kwa kwao, pulp, limetokana na hilo rojo. Sisi tumezipa jina la heshima, riwaya pendwa, japo mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa akilitamka kama anayetema mbegu ya chungwa.

Moja haina kurasa za mwanzo, mende wamekula jina la mwandishi, sijui ni ya nani. Hiyo ndo nimekaa nayo usiku huu chini ya taa ya simu kabla stima kurudi. Jalada ni rangi mbili tu, nyeusi na nyekundu. Kila rangi ina bamba lake, karatasi inapita kwa bamba hili kisha kwa lile, na siku hiyo nyekundu iliteleza kama milimita mbili hivi, kwa hiyo midomo ya yule mwanamke iko mahali pake ila wekundu wake umekwenda kukaa kidevuni. Nyuma kuna jamaa na kofia. Mkono mmoja kautia mfukoni, wa pili kauficha mgongoni, pengine kashika bastola. Mwanamke naye mikono iko ndani ya shela. Nikaangalia tena, nikaanza kucheka peke yangu gizani. Huyu mchoraji alikuwa hajui kuchora mikono! Mikono ni migumu jamani, nilipokuwa chuo niliikimbia miaka miwili, watu wangu wote walikuwa wanasimama kama wanasindikiza maiti. Bwana huyu alijua asichokiweza akakitafutia mfuko. AI haijui kuwa haijui, inakuchorea kidole cha sita na kucha yake imepakwa rangi vizuri kabisa.

Sisemi zamani kulikuwa bora. Mwanamke wa jalada la ami kifungo cha juu kiko wazi bila sababu yoyote ya hadithi, na yule mwenye kofia ni wazi katolewa kwenye filamu ya wazungu. Mimi mwenyewe AI naitumia kila siku kufuta mandhari ya nyuma kwenye picha za keki za wateja. Na hata hii AI ina watu ndani yake ukitaka kuwatafuta, jarida la TIME liliandika Januari 2023 kuhusu vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma uchafu wa intaneti ili ChatGPT ijue matusi ni yapi. Watu wapo. Ila hawatii sahihi.

Kinachonikaa kooni ni hilo la sahihi. Kwenye kona ya chini ya picha ya dada, nimezumu mpaka mwisho, kuna sahihi. Mkwaruzo mzuri, umepinda kama wa mchoraji aliyezoea, ukiusoma si herufi. Haina jina. AI imeona picha nyingi zina kitu pale chini ikadhani ni sehemu ya mchoro, kama jani.

Nikamkumbuka Kibet Bull, yule mchora katuni. Vivuli vyeusi tu alikuwa anachora, umbo la Rais lisilo na macho wala mdomo, na mtu yeyote Kenya alimtambua aliyechorwa. Desemba 2024 akatekwa, yeye na vijana wengine, wakaja kuachiliwa Januari. Kivuli! Waliotaka kujua nani kachora walijua pa kwenda. Hata ile amri ya 2018 ya kupaka majumba ya mjini nyeupe na buluu, niliyoipigia kelele kweli kweli kisha nikaizoea kimya kimya, ilikuwa na mtu wa kumlaumu. Hili jahazi lisilo na foromali nikamlaumu nani?

Nimempigia dada, ilikuwa bado hajalala, anaandika ya kesho.

“Dadangu, hapa chini pana sahihi. Ya nani?”

“Sijui, ilikuja nayo.”

“Niifute?”

“Ala, wacha! Si inafanya ionekane imechorwa.”

Nikaiacha. Minara nimeikata nikachora kuta kwa mkono kutoka kwa picha niliyoipiga mwenyewe, jahazi limepata foromali (ami kanisimamia, kanirudisha mara nne kwa pembe ya mti), na ule mkono wa kushoto nilihangaika nao saa nzima kisha nikaufutika ndani ya buibui. Lilikuwa wazo la yule bwana wa milimita mbili.

Saa saba na dakika kumi nimetuma. Amejibu na dole gumba, moja.